Dar es Salaam hadi Toronto ni Saa Ngapi? Namna ya Kuhesabu Safari Ndefu ya Ndege

Swali hili hutufikia kila vyuo vya ng'ambo vinapokaribia kufunguliwa, kisha hurudi tena Desemba watu wanapojiandaa kuja nyumbani: "Kutoka Dar mpaka Toronto ni kilomita ngapi, na ndege inachukua masaa mangapi?" Anayeuliza huwa ni mzazi anayempeleka mtoto chuoni, bibi anayekwenda kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza, au kijana aliyekabidhiwa kazi ya kuwatafutia tiketi watu wa nyumba nzima.

Jibu fupi lipo, na nitaanza nalo. Lakini jibu hilo peke yake limewaponza wengi: waliokosa ndege ya pili, waliofika uwanjani siku moja baada ya ndege kuondoka, na waliowaacha wazee wao wakilala kwenye viti vya uwanja wa kigeni. Kwa hiyo baada ya jibu, tutapita hatua kwa hatua, ili safari yoyote ndefu, iwe ya Toronto, Guangzhou au London, uweze kuihesabu mwenyewe.

Jibu la haraka

- Umbali wa Dar es Salaam hadi Toronto kwa njia fupi kuliko zote ni karibu kilomita 12,830. Hiyo ni karibu theluthi moja ya mzunguko wa dunia.
- Hakuna ndege ya abiria inayoruka kati ya viwanja hivyo viwili bila kutua. Utabadilisha ndege angalau mara moja.
- Muda wa kuwa angani ni kati ya saa 17 na 20, kulingana na njia uliyochagua.
- Ukiongeza muda wa kusubiri ndege ya pili, safari ya kawaida huwa kati ya saa 21 na 28. Tiketi za bei ya chini sana zinaweza kupita saa 35.
- Toronto iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa 8 wakati wa baridi na saa 7 wakati wa kiangazi chao.

Hatua ya kwanza: jua kipimo unachosoma

Ukitafuta umbali wa Nairobi hadi New York unaweza kukutana na namba tatu: 11,840, 7,360 na 6,390. Zote ni sahihi. Ya kwanza ni kilomita. Ya pili ni maili za nchi kavu, ambazo kila moja ni kilomita 1.609. Ya tatu ni maili za baharini, kila moja kilomita 1.852, ambazo hutumiwa na manahodha na marubani. Mtu akiokota ile 6,390 akaidhania ni kilomita, atahesabu safari ya saa nane. Safari yenyewe ni ya saa kumi na tano.

Angalia pia mambo haya mawili:

1. Umbali huo ni wa uwanja hadi uwanja. Haumo mwendo wa kutoka Mbagala au Morogoro mpaka uwanja wa Julius Nyerere, wala wa kutoka Pearson, uwanja wa Toronto, mpaka nyumbani kwa mwenyeji wako.
2. Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Kwenye ramani hiyo, mstari wa Dar hadi Toronto hutokea pwani ya Mauritania na kukatiza Atlantiki katikati. Njia fupi ya kweli haipiti huko kabisa. Hupanda kaskazini-magharibi juu ya Ziwa Victoria na Uganda, hukata pembe ya kaskazini-mashariki ya Kongo, hupita Chad na jangwa la Sahara, na kutokea baharini karibu na Casablanca, Morocco. Dunia ni duara, ramani ni bapa. Ndiyo sababu ya tofauti hiyo.

Ukitaka kupima vizuri, chukua tufe la dunia na uzi, uuvute kati ya miji miwili. Au ingia kwenye tovuti ya Great Circle Mapper, andika alama za viwanja, DAR na YYZ, nayo itakuchorea njia na kukupa kilomita.

Hatua ya pili: pima njia utakayopita kweli

Kwa kuwa lazima ubadilishe ndege, umbali unaokuhusu ni jumla ya vipande viwili. Hizi hapa njia nne ambazo wasafiri wetu hutumia sana:

- Kupitia Addis Ababa: kilomita 1,760 na 11,500. Jumla 13,260.
- Kupitia Amsterdam: kilomita 7,350 na 5,990. Jumla 13,340.
- Kupitia Istanbul: kilomita 5,460 na 8,170. Jumla 13,630.
- Kupitia Doha: kilomita 3,820 na 10,880. Jumla 14,700.

Wengi hudhani kupitia Ulaya ni kuzunguka sana. Hesabu inasema vingine: Amsterdam inaongeza kilomita 500 tu juu ya njia fupi. Doha inaongeza karibu 1,870, kwa sababu unaanza kwa kwenda mashariki ya njia yako, kisha unarudi magharibi. Kilomita hizo ni zaidi ya saa mbili angani.

Hata hivyo, usiikatae njia kwa ajili ya kilomita peke yake. Saa mbili za ziada angani zinaweza kuwa nafuu kuliko saa tisa za kusubiri kwenye uwanja mwingine.

Hatua ya tatu: geuza kilomita kuwa saa

Ndege kubwa za masafa marefu, kama Boeing 787 na Airbus A350, huenda kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa zikiwa juu. Lakini kuna muda wa kupanda, kushuka na kupanga foleni ya kutua. Kanuni rahisi ni hii:

1. Chukua kilomita, gawanya kwa 850.
2. Ongeza nusu saa.
3. Ukienda magharibi kuelekea Ulaya Magharibi, Marekani au Kanada, ongeza nusu saa nyingine au zaidi. Ukirudi mashariki, punguza nusu saa.

Tuijaribu kwa safari inayojulikana. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuruka Nairobi hadi New York bila kutua, kwa ndege aina ya Boeing 787. Kilomita 11,840 ukigawanya kwa 850 unapata karibu saa 14. Ukiongeza nusu saa, 14 na nusu. Ratiba ya ndege hiyo ilipangwa kuwa saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Kanuni yetu imeangukia katikati.

Kwa nini kwenda kuwe kurefu kuliko kurudi? Sababu ni upepo. Juu sana, katika anga za kaskazini, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Amerika hupigana nao usoni. Anayerudi husukumwa nao mgongoni. Wakati wa baridi upepo huo huzidi nguvu, kwa hiyo tofauti ya Januari ni kubwa kuliko ya Julai.

Yapo mambo mengine matatu yanayorefusha safari bila ramani kuonyesha:

- Anga iliyofungwa. Tangu vita vilipoanza Sudan, Aprili 2023, ndege nyingi za Afrika Mashariki na Ulaya zimelazimika kuizunguka nchi hiyo. Kati ya Juni 2017 na Januari 2021, ndege za Qatar zilizuiwa kupita juu ya Saudi Arabia na baadhi ya majirani zake, zikawa zinazunguka. Vita au ugomvi wa nchi mbili unaweza kukuongezea nusu saa au zaidi bila wewe kuwa na habari.
- Kutua kuongeza mafuta. Uwanja wa Addis Ababa uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na ndege haiwezi kuruka ikiwa na mzigo kamili wa mafuta na abiria kama ingekuwa Dar. Ndiyo maana safari za kutoka Addis kwenda Amerika Kaskazini zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta, ilhali kurudi huja bila kutua.
- Kutua kushusha abiria. Kwa miaka mingi KLM imekuwa ikipita Kilimanjaro kabla ya kufika Dar es Salaam. Namba ya ndege ni ileile, lakini kuna kutua, kusubiri na kuruka tena.

Kwa hiyo usimuulize wakala wa tiketi tu kama ndege ni ya moja kwa moja. Muulize: "Inatua popote njiani? Inakaa muda gani? Tunashuka au tunabaki ndani?"

Hatua ya nne: soma tiketi kwa saa ya sehemu moja

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko pote. Muda ulioandikwa kwenye tiketi ni wa mahali husika: wa kuondoka ni wa Dar, wa kufika ni wa Toronto. Ukitoa mmoja kwa mwingine moja kwa moja, unapata jibu la uongo.

Tuseme tiketi inasema unaondoka Dar tarehe 14 Januari, 23:55, na unafika Toronto tarehe 15 Januari, 15:00. Ukihesabu haraka haraka utasema ni saa 15 na dakika tano. Fanya hivi badala yake:

1. Badilisha muda wa kufika uwe wa Dar. Januari tofauti ni saa 8, kwa hiyo 15:00 ya Toronto ni 23:00 ya Dar.
2. Sasa hesabu kutoka 23:55 ya tarehe 14 hadi 23:00 ya tarehe 15.
3. Jibu: saa 23 na dakika 5.

Kurudi ni kinyume chake. Tiketi inasema unaondoka Toronto tarehe 20, 17:30, na unafika Dar tarehe 21, 23:45. Macho yataona zaidi ya saa 30 na moyo utashtuka. Lakini 17:30 ya Toronto ni 01:30 ya Dar, tarehe 21. Kutoka hapo hadi 23:45 ni saa 22 na robo.

Tofauti za saa za kukumbuka, kwa kulinganisha na Tanzania, Kenya na Uganda:

- Addis Ababa, Doha na Istanbul: hakuna tofauti.
- Dubai na Muscat: mbele kwa saa 1.
- Kigali, Bujumbura na Lubumbashi: nyuma kwa saa 1.
- Guangzhou na China yote: mbele kwa saa 5.
- Amsterdam: nyuma kwa saa 2 wakati wa baridi, saa 1 wakati wa kiangazi.
- London: nyuma kwa saa 3 wakati wa baridi, saa 2 wakati wa kiangazi.
- Toronto na New York: nyuma kwa saa 8 wakati wa baridi, saa 7 wakati wa kiangazi.

Sisi hatubadilishi saa zetu, wenzetu hubadilisha. Marekani na sehemu kubwa ya Kanada husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Ukisafiri karibu na tarehe hizo, hesabu upya.

Tahadhari ya pekee: saa zetu na usiku wetu

Tiketi imeandikwa kwa mfumo wa saa 24. Sisi nyumbani tunahesabu kuanzia jua kuchomoza. 07:00 ni saa moja asubuhi, 19:00 ni saa moja jioni, na 01:20 ni saa saba na dakika ishirini usiku. Anayemsomea mzee tiketi kwa simu aseme yote mawili: "Ni sifuri moja ishirini kwenye tiketi, yaani saa saba na dakika ishirini usiku." Zaidi ya mtu mmoja ameambiwa "saa saba" akajiandaa kwa saa saba mchana.

Tarehe ni hatari zaidi. Ndege ya 00:40, Jumatano tarehe 10, inaondoka dakika arobaini tu baada ya Jumanne kwisha. Unatakiwa uwe uwanjani Jumanne tarehe 9, saa tatu au saa nne usiku. Ukienda Jumatano usiku, ndege yako imeondoka karibu siku nzima iliyopita.

Na kuna jambo la kwetu wenyewe. Wazee wengi wa pwani wakisema "usiku wa Jumatano" wanakusudia usiku unaotangulia mchana wa Jumatano, kwa sababu kwao siku huanza jua linapotua. Vijana wao wakisikia hivyo hufikiria usiku unaofuata. Wote wawili wana haki, lakini ndege ni moja. Semeni "Jumanne usiku kuamkia Jumatano, tarehe 9 kuamkia 10", na mzee ayarudie maneno hayo kwa kinywa chake.

Hatua ya tano: pima muda wa kubadilisha ndege

Watu hupenda muda mfupi wa kusubiri ili wafike upesi. Elewa kwanza kinachofanyika katika muda huo: ndege inatua, inatafuta sehemu ya kusimama, mnashuka, mnapita ukaguzi, mnatembea au kupanda treni ya ndani ya uwanja, na geti la ndege ya pili hufungwa dakika 15 au 20 kabla ya kuruka. Saa moja na nusu kwenye karatasi inaweza kuwa dakika 40 za kukimbia.

Mapendekezo yangu:

- Chini ya saa 1 na nusu: epuka, hata kama mfumo umekubali kuuza tiketi hiyo.
- Saa 2 hadi 4: hapo ndipo pazuri kwa wasafiri wengi.
- Saa 4 hadi 8: inavumilika, lakini weka chakula, maji na chaja ya simu kwenye begi la mkononi.
- Zaidi ya saa 8: uliza kama shirika linatoa hoteli, na kama unahitaji viza ya kutoka nje ya uwanja.
- Zaidi ya saa 12 katika nchi yenye homa ya manjano, Ethiopia ikiwemo: beba cheti cha chanjo, kwa maana unaporudi Tanzania unaweza kudaiwa.

Kisha yapo masharti ya mpakani yanayokula muda:

- Marekani haina eneo la kupita tu. Kila anayetua hupita uhamiaji, hata kama anakwenda Toronto jioni ileile, na huhitaji viza ya Marekani. Anayeendelea Minneapolis au Columbus kutoka New York huchukua mizigo yake kwenye mkanda, hupita forodha, kisha huikabidhi upya. Usikubali muda wa chini ya saa 3 hapo.
- Uingereza. Raia wa Tanzania na Kenya wamo kwenye orodha ya wanaohitaji viza hata ya kupita uwanjani, isipokuwa wana nyaraka fulani zinazowasamehe.
- Nchi za Schengen. Raia wa Kongo ya Kinshasa hutakiwa viza ya kupita uwanjani. Mwenye viza halali ya Kanada au Marekani kwa kawaida husamehewa, lakini athibitishe na ubalozi kabla ya kulipa nauli.

Tiketi moja au tiketi mbili?

Jibu langu ni tiketi moja, na silegezi. Vipande vyote viwili vikiwa kwenye tiketi moja na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika lina wajibu wa kukutafutia ndege nyingine, na mizigo yako hupelekwa mbele. Ukinunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa pesa, ndege ya pili ikiondoka bila wewe hiyo ni hasara yako. Ulichookoa hakitafikia bei ya tiketi mpya ya dakika ya mwisho.

Umbali wenyewe unaweza kuwa haki yako. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 huwalinda abiria wanaoondoka kwenye viwanja vya Ulaya kwa shirika lolote, na wanaokwenda Ulaya kwa mashirika ya huko. Fidia ya kuchelewa hupangwa kwa kilomita: safari ya zaidi ya kilomita 3,500 iliwekewa kiwango cha juu, euro 600, ikiwa umefika umechelewa saa 4 au zaidi na kosa ni la shirika, si la hali ya hewa au vita. Tunza tiketi na pasi ya kupandia mpaka safari iishe.

Hatua ya sita: hesabu mlango hadi mlango

Andika kwenye karatasi moja, yote kwa saa za Dar:

1. Kutoka nyumbani hadi uwanjani. Barabara ya Nyerere jioni haina huruma; weka saa 2 hata kama unakaa mjini. Wanaotoka mikoani wasifike Dar siku ileile ya safari kwa basi.
2. Kukabidhi mizigo na ukaguzi: saa 3. Ndege za nje huondokea Jengo la Tatu. Mashirika mengi hufunga kaunta saa moja kabla ya kuruka, na hawabembelezwi.
3. Ndege ya kwanza.
4. Kusubiri.
5. Ndege ya pili.
6. Uhamiaji, mizigo na forodha: saa 1 hadi 2. Mwanafunzi anayechukua kibali cha kusoma akiwa uwanjani aweke zaidi.
7. Uwanjani hadi nyumbani kwa mwenyeji.

Kwa mfano wetu wa saa 23 na dakika 5, ukiongeza 2, 3, 1 na nusu, na saa moja ya barabarani Toronto, unafika saa 30 na nusu. Huo ndio urefu wa safari yako. Panga dawa, chakula, chaji ya simu na mapokezi kwa hesabu hiyo.

"Lakini mbona..." Majibu kwa wanaobisha

*"Mtandao umeniambia ni saa 15 na nusu tu."* Hiyo ni hesabu ya kilomita 12,830 kana kwamba kuna ndege inayoruka bila kutua. Haipo.

*"Ndege hazina uwezo wa kufika mbali hivyo?"* Zina uwezo. Singapore hadi New York ni karibu kilomita 15,350, na Singapore Airlines huruka bila kutua kwa zaidi ya saa 18. Kinachokosekana kati ya Dar na Toronto ni abiria wa kutosha kujaza ndege kila wiki.

*"Mwenzangu alikwenda kwa saa 21, wakala ananipa saa 27."* Huenda zote ni kweli. Ratiba hubadilika kila msimu, na tofauti kubwa hutoka kwenye kusubiri. Uliza: "Kuna ndege ya pili ya mapema zaidi kwenye tiketi hiihii?"

*"Bei ya saa 38 ni ndogo sana."* Toa kwenye unafuu huo chakula cha uwanjani, hoteli, na siku ya kazi iliyopotea. Kijana mwenye afya anaweza kuona inalipa. Kwa mama mwenye miaka sabini, usifanye hivyo.

Wazee, wagonjwa na watoto

- Omba huduma ya kiti cha magurudumu angalau saa 48 kabla. Atakayesukuma kiti hicho anajua njia za uwanja, na mzee asiyejua Kiingereza hatapotea. Hata anayetembea vizuri anaweza kuhitaji, kwa sababu ya umbali wa mageti.
- Anayetumia dawa za kisukari, presha au ARV amuulize daktari wake ratiba ya kuzimeza kwa kuhesabu saa zilizopita, si kwa kutazama saa ya ukutani ya nchi aliyofika. Dawa zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari.
- Katika safari ya zaidi ya saa nne, kukaa bila kujinyoosha huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Simama kila baada ya saa mbili ukiwa macho, kunja na kunyoosha vifundo vya miguu, kunywa maji.
- Anayefunga Ramadhani ajue kwamba akielekea magharibi mchana hurefuka, kwa saa saba au nane akienda Toronto. Msafiri ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Azungumze na shehe wake kabla ya safari.
- Mwandikie mzee kikaratasi chenye jina la uwanja wa kubadilishia, namba ya ndege ya pili, na namba ya simu ya mwenyeji. Simu huzima, karatasi haizimi.

Kwa anayempokea mgeni

Usiende uwanjani kwa kutazama saa ya tiketi tu. Chukua namba ya ndege ya *mwisho*, si ile iliyotoka Dar, na uifuatilie kwenye Flightradar24 au tovuti ya uwanja. Pearson ina Jengo la Kwanza na la Tatu, la pili halipo tena. Uliza mapema mgeni anatua lipi. Baada ya ndege kutua, mpe saa moja hadi moja na nusu kabla ya kuanza kuingiwa na wasiwasi. Aliye nyumbani Dar naye asikeshe akipiga simu: mtu aliye angani hapatikani, na kutopatikana si habari mbaya.

Makosa yanayorudiwa kila mwaka

- Kuchanganya maili na kilomita.
- Kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika bila kurekebisha tofauti.
- Kwenda uwanjani siku isiyo yake kwa ndege za baada ya usiku wa manane.
- Kununua tiketi mbili tofauti zenye saa moja katikati.
- Kusahau viza ya kupita.
- Kupanga mtihani, mahojiano au harusi siku ileile ya kufika. Acha siku mbili.

Kabla hujalipa

Mwambie wakala akupe mambo matano kwa maandishi: viwanja vyote utakavyotua, muda wa kila kipande angani, muda wa kusubiri, jumla ya saa kuanzia Dar hadi unakokwenda, na kama tiketi ni moja. Wakala mzuri atakupa kwa dakika chache. Asiyeweza kukupa, muage vizuri na utafute mwingine. Kisha kaa chini na yule anayesafiri, hasa akiwa mzee, mhesabu pamoja kwa saa za nyumbani mpaka aelewe. Nauli ya safari hizi ni jasho la watu wengi; haifai ipotee kwa hesabu ambayo ingefanyika mezani kwa kalamu na karatasi.